Kinyama kinachoota jichoni

Watu wa delta ya Rufiji hufanya kazi juani. Mvuvi wa Msala au Salale yuko ndani ya mtumbwi tangu alfajiri. Jua likipanda, linampiga kutoka juu. Likigonga maji, linarudi na kumpiga usoni. Mkulima wa mpunga yuko shambani mchana kutwa. Akimaliza kupalilia, hupanda juu ya dungu kufukuza ndege. Mama anayeanika kamba huinama juu ya mchanga mweupe unaong'aa. Wote hawa hufinya macho. Wamezoea, wala hawahesabu kuwa ni taabu.

Lakini jua linalokausha kamba huunguza pia jicho. Huliunguza polepole, mwaka hadi mwaka. Ngozi yetu nyeusi ina rangi inayoikinga na jua. Ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho haina kinga nyingi kama hiyo. Ni nyembamba sana. Mtu anapofumbua macho, sehemu yake hubaki wazi kati ya kope ya juu na kope ya chini, upande wa pua na upande wa sikio. Waangalie watu wa kijijini kwako wenye kinyama jichoni. Utaona kwamba wengi wao kimewaota hapo hapo.

Makala haya yanahusu vinyama hivyo. Vingi si vya hatari. Vichache ni saratani, yaani ule ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Shida ni kwamba mwanzoni vinafanana. Mtu hukiona, hukizoea, na huchelewa.

Kinyama cha kawaida

Kinyama cha kawaida huota kutoka pembe ya jicho, mara nyingi upande wa pua. Kina umbo la bawa. Ncha yake inaelekea kwenye duara jeusi la jicho. Hukua polepole sana. Kinaweza kukaa miaka kumi bila kubadilika. Huleta wekundu na muwasho, na mtu huhisi kama mchanga umemwingia. Kikisogea mpaka mbele ya mboni, mtu haoni vizuri, na hapo daktari hukikata. Kinyama hiki hakiui, wala hakisambai mwilini. Huletwa na jua, upepo na vumbi. Usikichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Kinyama kiko juu, kila mtu anakiona.

Kuna alama nyingine ambazo hazina hatari. Wengi wetu tuna madoa ya kahawia kwenye weupe wa macho. Madoa hayo yako katika macho yote mawili, yamekuwapo tangu zamani, na hayakuinuka. Hayo ni rangi yetu tu. Wazee wengi wana kivimbe kidogo cha manjano kando ya duara jeusi. Hicho nacho ni kazi ya jua na umri.

Mtoto mdogo akiwa na madoa meupe kama povu la sabuni kando ya duara jeusi, na jioni anajikwaa kwa kutoona, hiyo ni habari nyingine kabisa. Si kinyama wala si saratani. Amepungukiwa na vitamini A. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, maana anaweza kupofuka. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara mbili kwa mwaka. Nyumbani mpe matembele, papai, embe bivu, maini na samaki.

Kinyama kibaya

Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo chembe hai. Chembe hizo huzaliana kwa utaratibu. Za zamani hufa, mpya huchukua nafasi yake. Katika jicho, mahali pa kuzaliana ni pale kwenye mpaka, weupe unapokutana na duara jeusi. Jua likiziharibu chembe za hapo kwa miaka mingi, moja inaweza kuacha utaratibu. Inazaliana ovyo, na watoto wake wanazaliana ovyo. Hapo ndipo saratani ya juu ya jicho huanza.

Kwanza hukaa juu juu. Baadaye huzama chini. Ikiachwa, huingia ndani ya jicho, au hupita nyuma kwenye shimo la jicho kuelekea ubongo. Inaweza pia kufika kwenye tezi zilizo mbele ya sikio na chini ya taya.

Kinyama kibaya hukua kwa wiki na miezi, si kwa miaka. Mara nyingi huwa katika jicho moja. Huwa kimeinuka. Juu yake kinaweza kuwa na ukoko mweupe, kama uji uliokauka kwenye mwiko. Mishipa minene ya damu huonekana ikikielekea. Kwetu Waafrika, mara nyingi kinakuwa na rangi ya kahawia au nyeusi ndani yake. Jicho hutoa machozi na uchafu. Baadaye hutoa damu, na harufu mbaya pia. Mwanzoni hakiumi sana. Kwa maoni yangu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtu wa kazi hasafiri kwenda Dar es Salaam kwa kitu kisichouma.

Hata daktari bingwa hawezi kukata shauri kwa kuangalia tu. Nchini Kenya madaktari walijaribu kudondosha dawa ya rangi ya bluu juu ya vinyama. Saratani nyingi zilishika rangi. Lakini vinyama vingi ambavyo si saratani navyo vilishika rangi. Kwa hiyo jibu la kweli hutoka maabara. Kinyama hukatwa, huwekwa katika chupa yenye dawa ya kukihifadhi, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa hadubini.

Ugonjwa uliokuwa nadra

Zamani saratani hii ilikuwa nadra, na iliwapata zaidi wazee. Baadaye mambo yalibadilika.

Mjini Kampala, Uganda, kuna ofisi inayoandika wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1950. Kati ya mwaka 1970 na 1988, katika kila watu milioni moja waliandikwa wagonjwa wapya wa saratani hii kama 6 kwa mwaka. Mwaka 1992 walifika 35. Madaktari wakajiuliza kuna nini. Jua lilikuwa lile lile. Mwaka 1990 madaktari waliofanya kazi Rwanda walikuwa wamekwisha kuona kwamba wagonjwa wengi wa namna hii wana virusi vya UKIMWI. Mwaka 1995 Dakta Ateenyi-Agaba wa Kampala na wenzake walitoa hesabu yao. Walipima wagonjwa 48. Robo tatu yao walikuwa na virusi hivyo. Watu wengine waliopimwa kwa kulinganisha, wenye virusi hawakufika mmoja kati ya watano.

Tuseme jambo hili kwa njia rahisi. Mwili una askari wake. Chembe moja ikianza kuzaliana ovyo, askari huiona na kuiua. Virusi vya UKIMWI huwaua askari hao. Basi jua huharibu, na askari wa kuzuia uharibifu hawapo. Ndiyo maana sasa ugonjwa huu huwapata hata vijana wa miaka 30 na 40. Tafiti zilizofanywa baadaye Kenya na hapa Tanzania zilionyesha jambo hilo hilo.

Jua nalo halikuachwa nyuma. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha nchi mbalimbali. Waliona kwamba ukitoka Ikweta kwenda mbali nayo, kila nyuzi 10 ugonjwa huu hupungua kwa karibu nusu. Uganda, iliyo kwenye Ikweta, ilikuwa na wagonjwa kama 12 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Uingereza, iliyo mbali kaskazini, haikufikisha mgonjwa mmoja katika watu milioni 5. Delta ya Rufiji iko nyuzi 8 tu kusini mwa Ikweta.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Si kila mwenye saratani ya jicho ana virusi vya UKIMWI. Wako wengi wasio navyo. Kwa hiyo mtu asinyoshewe kidole kilabuni au kisimani kwa sababu ya jicho lake. Lakini mwenye kinyama cha namna hii apimwe damu. Akikutwa na virusi, dawa za kuvifubaza zipo, na hutolewa bure na serikali tangu mwaka 2004. Wengine waligundua hali yao kwa sababu ya jicho tu. Walianza dawa, na wanaendelea kulima. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuchukue mfano

Mzee huyu si mtu fulani. Tumemtunga ili tueleze. Lakini mambo yake hutokea.

Ni mvuvi wa Kiongoroni, ana miaka 55. Mwezi wa tano aliona kitu kama punje ya mchele kando ya duara jeusi la jicho la kushoto. Alisema ni upepo wa kusi. Alinunua matone dukani. Wekundu ukapungua, punje ikabaki. Mwezi wa nane akapewa maji ya majani na jirani. Mwezi wa kumi punje ya mchele ilikuwa punje ya hindi. Mke wake akasema sasa basi. Wakangoja maji yajae, wakapanda mashua mpaka Nyamisati, na kutoka hapo gari mpaka Kibiti. Pale waliingia kwa mhudumu wa afya, msichana mdogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeletwa na jicho hili."

"Pole mzee. Limeanza lini?"

"Mwezi wa tano. Lilikuwa dogo tu."

"Umetia dawa gani mpaka leo?"

Mzee alinyamaza. Mke wake akamwambia, "Sema tu, mume wangu. Huyu ni mtoto wetu." Kisha akajibu mwenyewe. "Alitia matone ya dukani, mwanangu. Baadaye maji ya majani. Yalimwaka siku tatu, hakulala."

"Sikugombezi, mzee. Nauliza ili niandike kwenye barua, na daktari wa macho ajue. Hapa sisi hatukati kinyama hiki. Nitakuandikia uende Dar es Salaam."

"Si nirudi nyumbani kwanza, nimalize kuvuna?"

"Mpunga utavunwa na watoto, mzee. Hiki kimekua mara tatu katika miezi mitano. Kikifika msimu ujao, huenda wakakitoa pamoja na jicho. Na ukiniruhusu, tupime na damu."

"Damu? Mimi mtu mzima, mwanangu."

"Ndiyo, mzee. Simshuku mtu. Kila mwenye kinyama kama hiki tunampima, maana matibabu yanategemea jibu."

Mke wake akasema, "Tupimwe wote wawili." Wakapimwa.

Huyo mhudumu alifanya mambo matatu mazuri. Hakumgombeza mgonjwa. Hakumpa matone mengine ya kumrudisha nyumbani. Na hakukubali angoje. Mgonjwa mwingine anaweza kukutana na mhudumu mwenye haraka, akapewa matone na kuambiwa aende. Basi asione haya kuuliza, "Je, daktari wa macho hahitaji kukiona?"

Upasuaji na matone

Kinyama kikiwa kidogo, kukikata ni kazi fupi. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi karibu na jicho. Hasikii maumivu. Daktari hukata kinyama pamoja na milimita chache za ngozi nzima inayokizunguka, ili mizizi isibaki. Mahali pengine kingo huunguzwa kwa baridi kali. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, jicho likiwa limefungwa.

Kinyama kilichokatwa kiende maabara. Nasisitiza hili, kwa sababu kinyama kinachotupwa ndooni hakisemi kitu. Mgonjwa anaweza kuambiwa amepona, na miezi sita baadaye kinarudi kikubwa zaidi. Kabla ya kutoka hospitali, mgonjwa au ndugu yake aulize maneno haya: "Kinyama changu kimepelekwa maabara? Nirudi lini kuchukua jibu?" Kipimo hicho huwa na gharama yake mara nyingi. Ni bora kuuliza gharama hiyo mapema, ukiwa bado kijijini, na kuitafuta pamoja na nauli.

Adui mkubwa baada ya upasuaji ni kurudi kwa ugonjwa. Hapo Afrika Mashariki imetoa mchango ambao dunia nzima imeusoma. Kati ya mwaka 2012 na 2014, Dakta Stephen Gichuhi wa Kenya na wenzake walifanya jaribio katika vituo vinne vya macho nchini kwao. Walikuwa na wagonjwa 98 waliokwisha kukatwa vinyama vya aina hii. Nusu yao walipewa matone ya dawa ya saratani iitwayo fluorourasili. Nusu nyingine walipewa matone yasiyo na dawa. Hakuna aliyejua amepewa yapi. Wote walidondosha mara nne kwa siku kwa wiki nne. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 47 waliotumia matone yasiyo na dawa, 17 walikuwa wamerudiwa na ugonjwa. Kati ya 47 waliotumia dawa, waliorudiwa walikuwa 5 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016.

Matone hayo huchonyota na kuleta machozi kwa muda wa matibabu. Mtu asiyaache kwa sababu hiyo. Lakini si dawa ya dukani. Hutolewa na daktari wa macho, kwa jicho lililoandikiwa. Jirani asiazimwe.

Na aliyechelewa? Ugonjwa ukiingia ndani ya jicho, daktari hulitoa jicho lote. Ukishika shimo la jicho, hutoa kila kilichomo, pamoja na kope. Ni upasuaji mzito, na uso hubadilika. Hufanywa ili kuokoa maisha. Wengine huhitaji pia mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwezi wa tano kazi ilikuwa kukata punje ya mchele.

Uvimbe kwenye kope

Kope nazo huota uvimbe. Ule wa kila siku ni chokea. Chokea huja ghafla, huuma, huwa chekundu, na hupasuka au hupoa baada ya siku kadhaa. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi husaidia. Wengine hupata kifundo kigumu kisichouma ndani ya kope. Ndani ya kope mna vitezi vidogo vya mafuta, vimejipanga kama meno ya kitana. Kitezi kimoja kikiziba, kifundo hutokea. Hicho nacho si saratani.

Lakini kuna saratani ya vitezi hivyo, nayo hujifanya kifundo. Ni nadra, ila ina ujanja. Daktari hukikamua, kinarudi pale pale. Hukikamua tena, kinarudi. Mtu mzima aliyerudiwa na kifundo mahali pamoja mara mbili au tatu asikubali kikamuliwe tu. Kipande chake kiende maabara. Dalili nyingine ni nywele za kope kunyonyoka mahali penye uvimbe. Chokea hupita na nywele zikabaki. Saratani huzing'oa.

Kidonda kwenye kope kisichopona kwa wiki nne nacho kionwe. Vivyo hivyo uvimbe wa rangi ya zambarau kwenye kope au ndani yake. Huo unaweza kuwa saratani iitwayo Kaposi, ambayo nayo hufuatana na virusi vya UKIMWI. Mara nyingi hupungua mtu anapotumia dawa za kufubaza virusi vizuri.

Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari kubwa kuliko wote. Ngozi yao haina ile rangi ya kukinga jua. Saratani za ngozi huwaanza usoni, masikioni, shingoni na kwenye kope, nao wakiwa vijana. Mtoto mwenye ualbino asipewe kazi ya kulinda ndege kwenye dungu mchana. Apewe kazi ya kivulini, avae mikono mirefu, na shuleni akae mbele na mbali na dirisha lenye jua. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, yametengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Ulizia kwa mganga mkuu wa wilaya namna ya kuyapata. Na kila kidonda cha ngozi kisichopona kwa mtu mwenye ualbino, hata kidogo kama mbegu ya ufuta, kionyeshwe hospitali.

Dawa za kienyeji

Hatusemi kwamba miti yote haina dawa. Lakini jicho si mguu. Utomvu na maji ya majani yaliyotwangwa huunguza ile sehemu nyeusi inayong'aa, na kovu lake halitoki. Mkojo na maziwa ya mama huingiza vijidudu. Kuna wanaokikwangua kinyama kwa wembe au kwa jani kali. Kikiwa ni saratani, kukwangua huacha mizizi, na ugonjwa unaendelea chini ya kovu, ambako hauonekani tena. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo asiogope kwenda hospitali. Aseme tu alichotia.

Matone ya dukani nayo tuyatazame. Mengine yana dawa inayoondoa wekundu kwa muda. Mtu hufurahi, anunua chupa ya pili na ya tatu. Kinyama kinakua chini ya furaha hiyo. Baadhi ya matone hayo, yakitumika kwa miezi bila daktari, huharibu macho kwa namna yake yenyewe.

Kofia

Kinga ya bei nafuu tunayo wenyewe. Akina mama wa Rufiji husuka mikeka mizuri ya ukindu. Ukili huo huo hushona kofia pana. Kofia yenye ukingo wa kiganja kimoja kuzunguka pande zote hutia kivuli machoni, mashavuni na shingoni. Kofia ya vitambaa isiyo na ukingo, ile tunayovaa kwenda msikitini, ni nzuri kwa kazi yake, lakini haitii kivuli jichoni.

Kwa mvuvi kofia peke yake haitoshi, kwa sababu ya jua linalorudi kutoka majini. Miwani ya jua humsaidia. Anunue ile iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi ya jua, na iliyo pana. Miwani nyeusi isiyozuia mionzi ni hasara. Giza lake huifanya mboni ifunguke, na mionzi inaingia zaidi. Watoto nao wavae kofia, maana uharibifu wa jua huanza kujilimbikiza utotoni.

Safari ya hospitali

Kutoka vijiji vya delta, safari hufuata maji. Maji yakipwa, mashua hukwama kwenye tope. Kwa hiyo mgonjwa apange siku zake kwa kuangalia bamvua na maji mafu, asije akakosa siku aliyoandikiwa. Aanze katika zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Mchukwi kuna hospitali ya misheni. Watu wa upande wa Utete wana hospitali ya wilaya ya Rufiji pale Utete. Apate barua ya rufaa. Kutoka Kibiti, mabasi hufuata Barabara ya Kilwa, hupita Mkuranga na kuingia Dar es Salaam kwa upande wa Mbagala. Madaktari bingwa wa macho wako Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na CCBRT iliyoko Msasani.

Achukue barua ya rufaa, majina ya dawa zote alizotumia, na kadi yake ya kliniki kama anatumia dawa za kufubaza virusi. Achukue na simu ya mtu anayesoma, ili hospitali impigie jibu la maabara likitoka. Baada ya hapo atatakiwa kurudi kuangaliwa mara kwa mara kwa mwaka wa kwanza na zaidi, hata kama jicho limepoa na haoni tatizo. Tarehe hizo aandikiwe kwa kalamu.

Asisafiri peke yake. Atarudi jicho moja likiwa limefungwa, na mwenye jicho moja hapimi umbali vizuri. Kutoka ubao wa gati la Nyamisati kuingia ndani ya mashua ni hatua moja tu, lakini siku hiyo ahitaji mtu wa kumshika mkono.